Pombe inakusumbua, chakula nacho kinakusumbua: uanzie soba hausi, vikundi vya hatua 12, CBT au hospitali?

Hii nimeiandikia mtu mwenye vitu viwili kwa mpigo asiyejua aanze na kipi, au ndugu yake anayezunguka na simu mkononi akitafuta pa kumpeleka. Kuna binti anayeshinda njaa kutwa ili jioni akinywa asiongezeke kilo. Kuna mwingine anakula usiku mpaka anapumua kwa shida, anaenda kutapika, halafu bila bia mbili tatu usingizi hauji. Kuna jamaa wa Mombasa anatafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, kuanzia asubuhi, ukimuuliza atakwambia ni ya kukesha kazini, kumbe kilichomnasa ni kwamba akitafuna hasikii njaa, suruali zimeanza kumpwaya na yeye anazipenda hivyo hivyo. Kuna aliyeacha unga, yaani heroini, mtaa mzima ukamsifu, sasa hivi anaficha pakiti za biskuti chini ya godoro pale pale alipokuwa anaficha kete.

Na kuna wa sanamaki, yale majani ya kuendesha tumbo. Hawa ni wengi kuliko watu wanavyofikiri, kila usiku anakunywa ili aamke tumbo limekuwa bapa, na hakuna anayemshangaa kwa sababu sanamaki hata bibi anaitumia. Niseme tu hapa hapa maana nisipolisema litanisumbua: sanamaki haipunguzi mafuta, chakula kinakuwa kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla yenyewe haijaanza kazi, inachotoa ni maji na chumvichumvi, mizani inashuka asubuhi na inarudi ukishakunywa maji, ila potasiamu uliyoipoteza ni ile ile inayoongoza mapigo ya moyo.

Vitu hivi kukutana kwa mtu mmoja siyo bahati mbaya ya mtu mmoja. Mwaka 2003 kituo cha utafiti wa uraibu cha Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, kilitoa ripoti inayosema hadi nusu ya watu wenye matatizo ya ulaji wanatumia pombe au dawa za kulevya vibaya, wakati kwa watu wa kawaida ni kama asilimia 9 tu. Na ukigeuza, kati ya wenye uraibu hadi asilimia 35 wana tatizo la ulaji, kwa wengine ni asilimia 3. Sawa, hizo ni namba za Marekani, lakini mwili wa Temeke na wa Chicago ukinyimwa chakula unafanya yale yale.

Mfano ninaoupenda wa hilo ni wa Minnesota. Mwishoni mwa 1944 mtafiti Ancel Keys alichukua vijana 36 wa kiume, wazima kabisa kichwani, akawapunguzia chakula kwa miezi sita kujua njaa inafanya nini, maana Ulaya ya vita ilikuwa na njaa na walitaka kujua watu watalishwaje. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini angalia walichoanza kufanya: kahawa ilibidi iwekewe kikomo cha vikombe 9 kwa siku, na yupo aliyefika kutafuna bigijii pakiti 40 kwa siku. Baada ya kuachiwa wale, baadhi walikula bila kushiba, kwa wiki na wiki. Hawa hawakuwa na tatizo lolote kabla, ilikuwa ni njaa tu. Sasa mtu anayejinyima kwa hiari miaka mitatu, halafu mfukoni ana hela ya konyagi, unategemea nini?

Kinachochosha ni kwamba hivi vitu vinapokezana. Ukibana kimoja kingine kinatoka, ndiyo kule kuruka mkojo ukakanyaga mavi, na mifano ipo hata hospitalini: waliofanyiwa ule upasuaji wa kupunguza tumbo kwa kuunganisha utumbo upya, utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliona tatizo la pombe linaongezeka ikifika mwaka wa pili, sababu mojawapo pombe inaingia kwenye damu haraka kuliko zamani. Anayeacha sigara ananenepa, anayeanza methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, anatamani vitu vitamu na kilo zinapanda, na kama alikuwa anaogopa kunenepa tangu zamani, hapo ndipo anapoanza kupiga hesabu kwamba bora ile hali ya kwanza.

Je, chakula chenyewe ni uraibu? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Mwaka 2009 watu wa Chuo Kikuu cha Yale walitengeneza dodoso la kupima uraibu wa chakula kwa maswali yaliyofuata vigezo vya ulevi. Kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili kilipotoka upya 2013 kikaweka kamari pamoja na uraibu, kikaipa nafasi yake ile hali ya kula kwa kufululiza bila kujizuia, lakini "uraibu wa chakula" hakikuuweka. Mtu unaweza kusema hayo ni ya maprofesa yatuhusu nini, ila yanakuhusu, kwa sababu sehemu utakazoenda kuomba msaada zimegawanyika hapo hapo: wapo watakaokwambia chakula fulani kwako ni kama pombe, usikiguse kabisa, na wapo watakaokwambia kujinyima ndiko kulikokuleta hapa, kwa hiyo kula kwa ratiba na usikatae kitu. Pombe unaweza kuacha ukaishi hadi uzeeni. Chakula utakutana nacho kesho asubuhi.

Tunapima kwa nini

Nimechukua njia nne zinazopatikana kwetu, nyingine sana nyingine kwa kutafuta: soba hausi (nyumba za kukaa ukiacha ulevi), vikundi vya hatua 12 (watu wenye tatizo moja wanaokutana kusaidiana kwa kufuata hatua kumi na mbili), CBT kwa mwanasaikolojia (tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia), na hospitali pamoja na dawa. Zote naziuliza mambo yale yale. Inasemaje kuhusu chakula. Inafanya nini kuhusu ulevi. Mwili wako uko salama kiasi gani ukiwa pale. Pesa, umbali na siri. Halafu inamfaa nani. Sitasema ipi ni bora kuliko zote maana haipo, na wengi wanaopata nafuu wamepita mbili au tatu, kwa mpangilio tofauti tofauti.

1. Soba hausi

Chakula. Kwa kweli sehemu nyingi hakuna anayeuliza. Mtu anakuja amekonda kwa unga au kwa pombe, lengo ni anenepe, akinenepa ndugu wakija Jumapili wanasema mashallah amenawiri. Kwa wengi hiyo ni sawa kabisa. Kwa mwenye anoreksia (kujinyima chakula mpaka kukonda) au bulimia (kula kwa kufululiza kisha kujitapisha) sentensi hiyo hiyo inamharibia wiki nzima. Angalia jioni pale: ugali maharage saa moja, wote wanakula meza moja, kisha kuna dakika ishirini hivi kabla ya kikao cha usiku, na mtu anaenda chooni, bomba linafunguliwa kwa nguvu, maji yanamwagika ndoo imeshajaa zamani. Msimamizi anayejua ulevi vizuri sana, anayemjua mtu aliyevuta kwa kumwangalia macho, anaweza kupita hapo kila siku asijue anasikia nini. Kitu kingine, kazi zinagawanywa kwa zamu, na anayekula kwa kufululiza anaweza kukabidhiwa funguo za stoo kama ishara ya kuaminiwa. Siwalaumu, hawakufundishwa hilo.

Ulevi. Hapa ndipo zina nguvu. Ratiba kuanzia alfajiri, simu hakuna, vijiwe hakuna, na watu wanaokuzunguka wameipitia arosto, yale mateso ya kukata kilevi, wenyewe kwa hiyo huwezi kuwadanganya. Nyingi za Zanzibar na za Pwani zinatumia hatua 12 za Narcotics Anonymous.

Usalama wa mwili. Hapa tulia kidogo. Arosto ya heroini inatesa vibaya ila kwa kawaida yenyewe haiui mtu mwenye afya. Ya pombe inaweza kuua, na ya valiamu vile vile. Mnywaji wa kila siku akikata ghafla degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, halafu siku ya pili mpaka ya nne ndiyo ile ya kuchanganyikiwa, kuona vitu, jasho na homa. Sasa mwongezee mtu huyo njaa ya miezi na potasiamu iliyoshuka kwa kutapika, umempeleka nyumba isiyo na daktari, geti limefungwa, wote wanadhani ni arosto ya kawaida. Kwa hiyo kama ni pombe nyingi, au ni mtu anayetapika au asiyekula, apite hospitali kwanza apimwe ndiyo apelekwe soba.

Pesa na siri. Familia inalipa kwa mwezi, na miezi inaenda. Kazini unaaga, mtaani wanajua. Nyumba za wanawake ni chache ukilinganisha na za wanaume, na hilo ni tatizo kubwa maana hili la ulaji linawapata wanawake zaidi, japo wanaume wapo na wanafichwa na misuli na "niko jimu".

Inamfaa mtu ambaye ulevi umeshika kila kitu, nyumbani kuna vishawishi, na la chakula ama limekuja baadaye ama ni la kula sana baada ya kuacha. Haimfai kwa sasa yule ambaye amekonda kwa kujinyima, mpaka kwanza apate daktari. Kabla ya kulipa uliza swali moja tu: dada yangu akiwa anatapika baada ya kula nyinyi mnafanyaje? Wakikujibu "tunamfuatilia, haachwi peke yake baada ya chakula, kuna nesi tunampigia", umepata watu. Wakikwambia hapa wote wanakula wanashiba, umeshajibiwa.

2. Vikundi vya hatua 12

Watu wanaviweka kapu moja ila kwenye chakula vinapingana kabisa, na wengi hawajui hilo mpaka wameshaingia. AA (Alcoholics Anonymous) ya pombe ilianza 1935 huko Akron, Ohio. Overeaters Anonymous, OA, ikazaliwa Los Angeles mwaka 1960 kwa kufuata hatua zile zile.

Chakula. OA wanataka uache kule kula kwa kulazimika, ila hawakupi orodha ya vyakula, kila mtu anapanga na sponsa wake (mwanachama aliyemtangulia) au na mtaalamu wa lishe. Wengine wanaamua kuacha sukari, wengine wanaamua milo mitatu tu na hakuna kitu katikati. Kuna kikundi kingine kikali zaidi, Food Addicts in Recovery Anonymous, hawa sukari hapana, chochote cha unga hapana, na chakula kinapimwa kwenye mizani. Hebu fikiria hilo kwa mtu wa huku: chapati imeenda, maandazi yameenda, ugali umeenda, na msibani umebeba mizani. Halafu kuna Eating Disorders Anonymous, ilianza Phoenix mwaka 2000, hao wanasema kinyume kabisa, kwamba kukata vyakula ndiyo ugonjwa wenyewe, wanachotafuta ni kukaa katikati. Wote ni hatua 12. Ukiingia tu kwenye mitingi ya kwanza iliyotokea kwenye simu, unaweza kuwa umeingia mlango wa jirani.

Maoni yangu, na hapa ni maoni: kwa mtu anayekula kwa kufululiza tu, hatapiki, hajinyimi, orodha ya vyakula vichache vya kuepuka inaweza kumpa pumziko, wapo wanaosema imewaokoa na siwezi kuwabishia maisha yao. Kwa mtu aliyewahi kuwa na anoreksia, kupewa ruhusa takatifu ya kukata vyakula na kupigiwa makofi kwa siku alizokata, mimi naona hatari. Atakuwa mwanachama bora kuliko wote na ataendelea kukonda.

Ulevi. Vizuri, tena hapa ndipo mtu wa vitu viwili anapumua, anasikia mwenzake anasema niliacha pombe nikahamia kwenye keki, na hakuna anayecheka. AA na NA (Narcotics Anonymous) zina mitingi ya ana kwa ana miji mikubwa ya kwetu. Za chakula utazipata zaidi kwa simu na intaneti, nyingi Kiingereza.

Usalama. Hakuna daktari pale wala haijawahi kudaiwa kwamba yupo. Sponsa si mtaalamu, ni mtu aliyetangulia.

Pesa na siri. Hakuna ada, unachangia ukitaka, na majina kamili hayatumiki. Kwenye mji mdogo siri inategemea midomo ya watu, tusidanganyane, ila kwa mtandao unaweza kuzima kamera. Kuna suala la "nguvu iliyo juu yetu" ambalo Waislamu na Wakristo wengi halijawapa shida, mtu anaweka Mungu wake pale.

Inamfaa asiye na pesa, aliye mbali na mtaalamu, anayehitaji watu zaidi ya anavyohitaji maelezo, na aliyemaliza tiba nyingine akataka kitu cha kumshika kila wiki. Peke yake haimtoshi anayetapika kila siku.

3. CBT kwa mwanasaikolojia

Chakula. Hii ndiyo ina ushahidi mzito kwa bulimia na kwa kula kwa kufululiza. Toleo lililoboreshwa na Christopher Fairburn wa Oxford linaenda vikao 20 hivi kwa asiye na uzito mdogo sana, kwa aliyekonda ni kama mara mbili ya hapo. Watu wanadhani ni kukaa kwenye kochi kuelezea utoto. Hapana, mwanzo ni daftari. Unaandika unapokula siyo jioni ukikumbuka: saa moja asubuhi, chai ya maziwa na chapati moja, mezani, nilitaka kuruka ila nimekula. Saa nne, ndizi. Saa saba, wali maharage, ofisini, nimeacha nusu kwa sababu wenzangu waliniangalia. Saa kumi na mbili, hakuna. Saa tatu usiku, mkate mzima na siagi na soda lita moja, nimesimama jikoni taa imezimwa, nimetapika, nimekunywa bia mbili. Ukishakuwa na wiki moja ya kurasa hizo, huhitaji mtu akuoneshe. Ile saa kumi na mbili ya "hakuna" ndiyo iliyozaa saa tatu.

Ndiyo maana dawa ya kwanza wanayotoa ni kula: milo mitatu na vitafunwa viwili vitatu, usipitishe kama masaa manne bila kitu, uwe na njaa usiwe na njaa. Hakuna chakula haramu isipokuwa kile dini yako inasema. Kwa mtu anayekula kwa kufululiza inasikika kama wazimu, mimi tatizo langu ni kula na nyie mnanipa ratiba ya kula, ila wengi mafuriko yanapungua.

Ulevi. Hapa kuna kasoro. Ukiwa unalewa kila siku, mtaalamu wa CBT ya ulaji mara nyingi atakwambia punguza hilo kwanza, kwa sababu hukumbuki ulichojifunza na daftari haliandikiki. Ukiwa mnywaji wa wikiendi au wa kutuliza roho, daftari lile lile linashika vyote viwili, unaandika na glasi. Ipo pia tiba ya DBT ya Marsha Linehan, inafundisha namna ya kukaa na hisia kali bila kukimbilia kitu, imewahi kutengenezewa matoleo ya uraibu na ya ulaji, ukipata mtu aliyesomea hiyo usimwachie.

Usalama. Mtaalamu mzuri anakutuma ukapime damu na moyo kabla hajaendelea. Asiyekuuliza kabisa kuhusu kutapika na uzito, hama.

Pesa na siri. Siri nzuri kuliko zote hapa. Pesa ndiyo shida, kila kikao unalipa na bima nyingi hazisaidii sana hapo, na walio na uzoefu wa matatizo ya ulaji hasa ni wachache, wengi wako Nairobi na Dar. Kuna njia ya katikati ambayo hata mwongozo wa Uingereza wa 2017 unaianzisha kwanza kwa watu wazima wa bulimia na kula kwa kufululiza: kitabu cha kujisaidia chenye hatua za CBT, na mtu wa kukusimamia kwa vikao vifupi. Kaunsela wa kawaida anayekubali kusoma na wewe anaweza kufanya hilo.

Inamfaa mtu ambaye bado anaenda kazini au chuoni, anaweza kukaa siku kadhaa bila kulewa, na yuko tayari kuandika vitu vya aibu.

4. Hospitali na dawa

Usalama nautanguliza hapa maana ndiyo sababu ya kwenda. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hapewi sahani kubwa ya wali siku ya kwanza. Mwili ukianza kupokea chakula ghafla fosfeti, madini ambayo mwili unayahitaji, kwenye damu inaporomoka na moyo unaweza kusimama, inabidi kuanza kidogo kidogo na vipimo vya damu. Na mlevi aliyedhoofika anatakiwa apewe vitamini B1 kabla au pamoja na dripu ya sukari, vinginevyo ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Ndiyo maana nasema ukifika mapokezi sema vyote viwili. Wengi wanasema pombe wanaficha kutapika, kwa sababu ulevi angalau ni aibu inayozoeleka.

Chakula. Wodi nyingi za kwetu zinatibu mwili: ule, upande kilo, utoke. Timu yenye daktari wa akili, mtaalamu wa lishe na mwanasaikolojia wakizungumza wao kwa wao ipo sehemu chache, ila hospitali kubwa za akili kama Mathari Nairobi au Mirembe Dodoma, na idara za magonjwa ya akili za hospitali za rufaa kama Muhimbili, angalau zinajua uraibu na magonjwa mengine ya akili chini ya paa moja.

Ulevi. Detoksi ya pombe kwa dawa (kuitoa mwilini chini ya uangalizi), na methadoni kwa heroini, ambayo Muhimbili ilianza kutoa Februari 2011. Methadoni inafunga choo, na mtu wa sanamaki hapo anapata kisingizio kizuri kabisa, kwa hiyo mwambie nesi mapema.

Dawa zenyewe zinaingiliana kwa njia ambayo lazima daktari ajue pande zote mbili. Fluoksetini inatumika kwa bulimia, kwa kipimo kikubwa kuliko cha sonona, na haina kilevi. Bupropioni, ambayo watu wanapewa kuacha sigara na nyingine inauzwa ndani ya vidonge vya kupunguza uzito, hairuhusiwi kwa mwenye bulimia au anoreksia na kwa anayekata pombe ghafla, inaleta degedege. Naltreksoni inasaidia pombe, ila ukimpa mtu anayetumia heroini au methadoni umemtumbukiza kwenye arosto kali papo hapo. Na lisdeksamfetamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa kula kwa kufululiza, ni ya ukoo wa amfetamini, inakata hamu ya kula, kwa mtu mwenye historia ya uraibu na ya kujinyima hiyo ni ya kufikiria mara mbili. Usinunue chochote kati ya hivi kwa mtu wa Instagramu.

Pesa na siri. Ya umma ni nafuu, foleni ndefu, na faili linapita mikono mingi. Ya binafsi kinyume chake.

Inamfaa kila aliye hatarini, na kila anayehitaji detoksi. Kama tiba ya muda mrefu peke yake, wengi wanarudi nyumbani wakiwa wazima wa mwili na kichwa kile kile.

Sasa uende wapi

Kama unazimia, moyo unaruka mapigo, unatapika damu, umekaa siku nyingi bila kula, au ukikosa pombe asubuhi mikono inatetemeka: hospitali, leo. Mengine yote yatasubiri.

Kama ulevi ndiyo umebomoa nyumba na la chakula ni kula sana sukari tangu umeacha, baki soba, wape muda, na usiingie kwenye dayati miezi ya mwanzo. Njaa ni mojawapo ya vitu vinavyofanya watu warilapsi, yaani warudie ulevi, waulize wenyewe. Mwombe msimamizi milo isipitwe.

Kama unanyimwa usingizi zaidi na chakula, na pombe unaitumia kutuliza baada ya kutapika au unaacha kula ili unywe, anza CBT, au kaunsela na kitabu, na umwambie kiasi halisi cha pombe siyo kile cha kumwambia mama mkwe. Ukiona wiki tatu nne huwezi kukaa hata siku mbili bila kunywa, ulevi umeshakuwa mkubwa kuliko ulivyodhani, detoksi kwanza halafu unarudi kwenye daftari.

Kama ni miraa, muguka au vidonge vya kukata hamu, jua kwamba ukiacha njaa itarudi kwa kishindo na utakula sana wiki za mwanzo. Hiyo siyo dalili kwamba umeharibika. Panga milo kabla ya siku ya kuacha, siyo baada.

Kama huna pesa na uko mbali, mitingi ya simu pamoja na kituo cha afya cha kupima damu na presha. Uliza kikundi msimamo wao kuhusu kukata vyakula kabla hujazoea watu, na kama umewahi kujinyima mpaka ukakonda, tafuta kile cha kukaa katikati.

Kama unafikiria kuwekewa puto tumboni au kufanyiwa upasuaji, ambavyo siku hizi vimepata umaarufu, mwambie daktari kuhusu kula kwa kufululiza na kuhusu pombe kabla, hata kama hajauliza.

Ramadhani na mifungo ya kanisani inaleta shida yake. Kufunga kunampa mtu kifuniko cha heshima. Mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, ipo kwenye Qur'ani, na sheikh au mchungaji unayemwamini akilisema hilo mbele ya familia linafanya kazi kuliko wewe kulisema mara kumi.

Na kama wewe ni dada, kaka, mama au shangazi wa mhusika na yeye hataki kwenda popote: usizungumzie mwili wake, si kunenepa si kukonda, kwa nia nzuri wala mbaya. Kula naye mezani, kaa naye nusu saa baada ya kula mkiongea mengine. Ondoa pombe nyumbani, lakini kama anakunywa kila siku usimfungie ndani akate ghafla. Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure 1192, unaweza kupiga wewe kabla yeye hajakubali, ukauliza tu sehemu iliyo karibu inayopokea mtu mwenye vyote viwili.